Diski Ipo, Kompyuta Haitaki Kuiona

Mpiga video za harusi wa Dar es Salaam anaweza kukosa usingizi, anaweza kukosa malipo ya mwisho, lakini kinachomkosesha raha kila wiki ni nafasi ya kuhifadhi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa moja. Weka kamera mbili. Weka kicheni pati, sendofu, ibada, ukumbi, na MC ambaye akishakabidhiwa kipaza sauti hakuna kamati itakayomnyang'anya. Halafu ongeza sheria ambayo haijaandikwa popote: hakifutwi kitu. Shangazi wa bwana harusi anaweza kuibuka baada ya mwaka mzima akiulizia zile dakika alizocheza mduara, na ole wake atakayemwambia zimefutwa.

Kwa hiyo mwenye studio mmoja wa Temeke alipokuta Kariakoo hadi diski ya TB 8 kwa bei ya kuvutia, hakuuliza mengi. Muuzaji alisema mzigo umetoka kwenye seva za Ulaya, umepimwa, uko safi. Jioni ile ile aliifunga ndani ya kompyuta yake ya kuhariria, akakaza skrubu, akawasha. Dirisha la mafaili likafunguka. C ipo, D ipo. Baada ya D, hakuna diski nyingine.

Akazima, akawasha. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Kupuliza ndiyo tiba ya kwanza ya kila kifaa cha umeme hapa nchini, kuanzia rimoti ya televisheni hadi laini ya simu, na hajapatikana bado wa kueleza pumzi ya mtu, pamoja na unyevu wake wote, husafisha nini.

"Mjomba, hapo tatizo ni draiva," alisema mpwa wake, aliyemaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani. Kijana ana akili, na ana bando la usiku. Draiva ndilo jibu lake kwa printa, kwa spika, na siku moja alilitoa kwa pasi. Ukweli ni kwamba hadi diski ya kawaida ya SATA haihitaji draiva ya kutafutwa mtandaoni, kwa sababu Windows huja nayo. Lakini bando la usiku halilali. Kulipokucha kompyuta ilikuwa na antivairasi mbili ambazo hakuna aliyeziomba, kila moja ikiituhumu nyingine kuwa ni kirusi. Diski, bado.

Ndipo akaitwa fundi, kijana mpole mwenye begi dogo, anayetoza kwa kazi na si kwa saa, na kwa hiyo hapendi kupoteza muda. Alielezwa kwamba diski haionekani. Akauliza, "Haionekani na nani?"

Mwenye studio alidhani anataniwa. "Na kompyuta, fundi. Na nani tena?"

Fundi hakuwa anatania, na swali lake ndilo ambalo wengi huliruka. Kuona diski ni kazi inayofanyika kwa zamu. Kabla Windows haijaamka, programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama huhesabu vifaa vilivyochomekwa; mafundi bado wanaiita bayosi, ingawa kwenye mashine nyingi za leo kilichopo ni mrithi wake, UEFI. Windows ikiamka hufanya hesabu yake yenyewe na kuiweka kwenye ukurasa wa usimamizi wa diski, mahali ambapo mwenye kompyuta wa kawaida anaweza kumaliza maisha bila kufika. Dirisha la mafaili, ambalo ndilo kila mtu hulikimbilia, huja mwisho kabisa, na lina maringo: halionyeshi diski mpaka iwe imegawanywa na kupewa herufi. Diski mpya, nzima, yenye dhamana, inaweza isionekane humo siku ya kwanza na isiwe na kasoro hata moja. Laiti hilo lingeandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa, nauli nyingi za daladala za kurudi dukani na kugombana zingeokolewa.

Hadi diski ya kwanza haikuwa na tabu hii. IBM ilipoileta mwaka 1956 pamoja na mashine yake ya RAMAC, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, uzito wa takriban tani moja, na nafasi ya herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingeweza kuijaza. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuingia kwenye chumba chake akalalamika kwamba haioni.

Fundi alianza na kiganja. Alikiweka juu ya diski, akamwambia mpwa awashe. Diski ya inchi 3.5 kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na ikianza safari mkono hupata habari. Huu haukupata. Hapakuwa na mtetemo, mlio wala joto, na bayosi nayo haikuitaja. Diski haikuwa imeamka, na draiva zote za dunia zisingeiamsha.

"Kaniuzia maiti," alisema mwenye studio, akianza kutafuta namba ya muuzaji.

"Subiri kwanza, bosi. Ulisema ilitoka wapi?"

"Seva. Ulaya."

Fundi akatabasamu, kwa sababu diski ile haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii amri. Toleo la 3.3 la kiwango cha SATA, lililotoka mwaka 2016, liliongeza uwezo wa kuizima na kuiwasha diski kwa mbali, jambo la maana sana kwenye vituo vya data ambako diski ni maelfu na hakuna anayetaka kumtuma mtu kati ya makabati akachomoe moja iliyogoma. Ishara ya kuzima hupita kwenye pini ya tatu ya plagi ya umeme. Kasheshe ni kwamba pawa saplai nyingi za kompyuta za mezani zilitengenezwa kwa utaratibu wa zamani, ambamo pini hiyo hiyo hupeleka volti 3.3 muda wote. Diski ya seva ikifika Temeke hupata umeme na, papo hapo, hupata agizo la kuzima. Inazima. Ingezima hivyo mpaka kiama, kwa adabu zote, huku wanadamu wakiipulizia.

Dawa yake haiendani na ukubwa wa maelezo. Fundi alitoa kwenye begi selotepu ya kahawia ya Kapton, ile inayovumilia joto ambayo mafundi simu hufunikia sehemu wasizotaka ziungue, akakata ujiti mwembamba, akaziba pini ya tatu. Wapo wanaotumia waya wa kuunganishia plagi ya zamani ya Molex, ambayo haina hizo volti 3.3, ingawa baadhi ya waya hizo, hasa zile ambazo plastiki imemiminwa moja kwa moja juu ya nyaya, zina sifa mbaya ya kushika moto. Akachomeka tena, akaweka kiganja. Mkono ukatetemeka.

Mwenye studio alikitazama kile kipande cha selotepu, akamtazama fundi, na ikaonekana wazi kabisa usoni kwake kwamba anajiuliza atalipia nini hasa.

Fundi akatoka kwenda kunywa chai, na heri asingetoka. Alimwacha mpwa mbele ya ukurasa wa usimamizi wa diski, na Windows ilikuwa inauliza diski ianzishwe kwa mtindo upi, MBR au GPT. Kijana akachagua MBR kwa sababu video aliyowahi kuitazama ilichagua MBR, na video yenyewe ilikuwa ya enzi ambazo mwenye TB 1 aliitwa tajiri.

MBR ilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, wakati kompyuta mpya ya IBM ya mezani ilijivunia hadi diski ya MB 10. Huhesabu sekta za diski kwa namba ya biti 32, kwa hiyo haiwezi kuvuka sekta bilioni 4.29; kila sekta ikiwa na baiti 512, safari inaishia kwenye TB 2 na ushee. Zaidi ya hapo namba zimekwisha. Mjomba alipopita nyuma ya kiti akaona kwenye skrini GB 2,048 zimekubaliwa, na nyingine zaidi ya 5,400 zimewekewa mstari mweusi, hazigusiki.

"Nimelipia nane," alisema polepole. "Nimepewa mbili."

"Na hata hizo nane, mjomba, ni saba na kidogo," mpwa akamrekebisha.

Alikuwa sahihi. Mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 kila hatua badala ya 1,000, ndiyo maana TB 1 ya kwenye boksi hugeuka GB 931 kwenye skrini. Hakuna aliyeiba kitu. Lakini kuna muda wa kumweleza mtu mzima hesabu hizo, na kuna muda wa kwenda kuchota maji.

Bahati nzuri diski ilikuwa tupu, na kuihamishia GPT ilichukua mibofyo michache. Ingekuwa na mafaili, mambo yangekuwa mengine. Windows ikikutana na sehemu ya diski isiyoelewa mpangilio wake, labda kwa sababu flashi ilichomolewa katikati ya kunakili au umeme ulikatika ikiandika, husema kwa upole kwamba unapaswa kuifomati kabla ya kuitumia, na huweka kitufe cha kukubali karibu kabisa na kidole. Sentensi hiyo imeharibu harusi nyingi kuliko mvua za masika. Mafaili mara nyingi bado yamo; kilichoharibika ni orodha ya kuonyesha yako wapi. Anayebofya kukubali huandikiwa orodha mpya, safi, isiyo na jina la mtu. Diski zilizotoka kwenye Mac zina visa vyao: Windows yenyewe haisomi APFS wala HFS+, na mara nyingi haizipi hata herufi, hivyo mteja huleta diski iliyojaa na huambiwa kwa kujiamini kabisa kwamba ameleta diski tupu.

Fundi aliporudi, ile mpya ilipewa F, maana E ilikuwa imeshikwa na kisoma kadi. "A na B ziko wapi?" mpwa akauliza. Zilitengwa kwa ajili ya flopi, vitu ambavyo kijana huyo hajawahi kuvishika. Flopi zimetoweka madukani, lakini hadi leo Windows huanza kuhesabu kutoka C, na viti viwili vya mbele vimeachwa kwa heshima ya waliotangulia.

Kazi ingeishia hapo kama D isingepotea.

D ndiyo iliyokuwa na harusi ya Jumamosi iliyopita. Simu nayo ikaita wakati huo huo. Alikuwa mama mzazi wa bibi harusi. "Mwanangu, video yetu imefikia wapi?"

"Shikamoo mama. Iko jikoni."

"Marahaba. Toka wiki iliyopita iko jikoni, baba, inapikwa kwa kuni mbichi?"

Penye hofu, washauri hawakosekani. Jirani wa kibanda cha kutuma pesa alikuja na habari kwamba diski iliyogoma huwekwa kwenye friza usiku mmoja, ikitoka inafufuka. Ushauri huu umezunguka dunia nzima, na kwa baadhi ya diski za zamani zilizokwama uliwahi kumpa mtu dakika chache za kuokoa mafaili. Lakini kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski iliyolala kati ya samaki na barafu za ubuyu, ikitolewa kwenye hewa ya Dar es Salaam, hutoka jasho ndani na nje. Tone moja kwenye sahani inayozunguka kwa kasi ile linatosha kumaliza mjadala. Fundi alimshukuru jirani na kumwomba asiondoke na diski.

Akarudi kwenye swali lake lile lile: nani haioni? Bayosi. Je, inazunguka? Inazunguka. Basi D ni hai, ila bayosi haina habari nayo. Hali hii si lazima iwe waya. Mwaka 2009 Seagate ilikiri kwamba kasoro kwenye programu ya ndani ya baadhi ya diski zake za Barracuda 7200.11 ingeweza kuzifanya zigome zikiwashwa: sahani inazunguka, data iko salama, lakini bayosi haipati jibu. Watu walizifufua majumbani kwa kuchomeka kipande cha kadi kati ya ubao wa diski na viunganishi vyake, kisha kuiandikia diski amri moja kwa moja kupitia waya. Ukisikia kwamba mtu alitengeneza hadi diski kwa kadi ya mwaliko wa harusi, usiharakishe kumcheka.

Mara hii jibu lilikuwa jepesi zaidi, na lilimhusu fundi mwenyewe. Wakati akifunga diski mpya aliona nyaya zimesongamana, akauhamisha waya wa data wa D kwenye tundu jingine ili papendeze. Ubao mama ule una SSD ndogo ya M.2 ambako Windows inaishi, na kwenye mbao nyingi za aina hiyo, M.2 ikiwa na mtu, tundu moja au mawili ya SATA hufa kimyakimya kwa sababu yanagawana njia moja. Habari hiyo huandikwa kwenye kitabu cha maelezo, kwenye jedwali lenye maandishi madogo. Kitabu kilikuwepo. Kilikuwa kimekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza. Waya ukarudishwa, D ikarudi, na mwenye studio akatamka kwa sauti majina kadhaa ya Mwenyezi Mungu.

Baada ya kuonja hofu hiyo alitaka nakala ya akiba siku hiyo hiyo. Mpwa, mwepesi kama kawaida, alipendekeza wainakili D kwenye F sekta kwa sekta. Fundi akakataa. Diski mbili zilizonakiliwa hivyo hubeba utambulisho mmoja. Ni mapacha wenye namba moja ya kitambulisho cha taifa, na Windows, ikiwakuta wote wawili kwenye foleni, humruhusu mmoja na kumweka mwingine nje ya huduma. Wangerudi mwanzo: diski ipo, haionekani. Nakili mafaili tu, akasema, kama watu wote.

Basi mpwa akatoa simu na kuonyesha tangazo la diski ya nje ya TB 16 kwa bei ya kuku wawili. Biashara hii inajulikana. Ndani ya kasha huwa kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo programu yake imefundishwa kudanganya ukubwa, na ikijaa huendelea kupokea mafaili huku ikiyaandika juu ya mengine, au isiyaandike kabisa. Kinachokera zaidi ni kwamba diski za namna hii huonekana mara moja, bila selotepu, bila bayosi, na herufi zinapewa. Jarida la kompyuta la Ujerumani, c't, lilitoa programu ya bure iitwayo H2testw kwa ajili ya kuziumbua: hujaza diski mpaka ukingoni, kisha husoma tena kilichoandikwa na kutangaza kiasi cha kweli kilichomo.

Ikabaki kuhamisha harusi za zamani kutoka diski ndogo ya nje kwenda F. Ilipochomekwa kwenye hab, pamoja na kipanya, kibodi na feni ya mezani, ilitoa mlio wa tik, ikanyamaza, ikatoa tik, ikapotea. Tundu la USB 2.0 limewekewa miliampia 500 tu, la USB 3.0 miliampia 900, na diski hutaka umeme mwingi kuliko wakati wowote pale inapoanza kuzunguka. Hab ile ilikuwa inagawa posho ya tundu moja kwa watu wanne. Mashine yenyewe ilibaki na matundu mawili mazima, yote ya USB 2.0, mengine yalikufa siku umeme uliporudi kwa kishindo. La pili lilikuwa na printa. Printa ikatolewa, diski ikaingia, ikazunguka vizuri, kisha kipanya kikaganda: feni nayo ilikuwa imechoka kubanana kwenye hab. Feni ikachomolewa, kipanya kikatembea.

Unakili ukaanza. Skrini ikasema zimebaki dakika 12, ikabadili mawazo ikasema siku moja, mwisho ikatulia. Kwa USB 2.0, kasi halisi ikiwa karibu MB 35 kwa sekunde, TB 1 huchukua takriban saa 8.

Mwenye studio akaipiga hesabu hiyo upya: saa nane bila feni, mwezi wa pili, Temeke, chini ya bati. Akasimamisha unakili, akaokota waya wa feni kutoka sakafuni.

"Tutanakili usiku, fundi," alisema. "Usiku kuna upepo."